Wimbo Nilioimba Mnadani

Makoko, Musoma

Nyanjige, mke wa nyumba yangu,

Nakusalimu kwanza, halafu uamue mwenyewe kama salamu yangu unaipokea au unaiacha hapo mlangoni. Magoti yako yanaendeleaje? Yule mbuzi mwekundu amezaa? Mihogo ya bondeni mmeing'oa, au mmewaachia ngedere? Wajukuu wameacha kukohoa? Mimi huku mwili upo. Mgongo unauma asubuhi, mchana unasahau. Chakula nakula. Usingizi ndio sina, lakini huo sikuulizi wewe, najua mwenyewe nilikoupoteza.

Simu nimekupigia ikalia mpaka ikachoka. Nikapiga tena siku nyingine, ikalia hivyo hivyo. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, simu hiyo ningeitumbukiza chooni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua: shule sikuionja hata siku moja, herufi nilizipata ngumbaru nikiwa na mimba ya Bhoke, na mpaka leo naandika kama kuku anayeparua uwanja. Soma wewe kwanza, wewe wa darasa la saba. Ukimaliza mpe mwanao Wegesa, asome yote. Kwa hiyo usishangae nikieleza mambo unayoyajua, nayaeleza kwa ajili yake. Barua nimempa yule mama wa dagaa anayekujaga mnada wenu wa Jumatatu, nikamwambia aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mwingine, hata awe padri.

Hapa kwa Bhoke maisha ni ya dagaa. Ukifungua mlango asubuhi, harufu imeshatangulia kunywa chai. Mume wake ana mitumbwi miwili. Wavuvi wakirudi na jua, sisi wanawake tunaanika kwenye nyavu chakavu, tunageuza, tunafukuza kunguru. Hapa mjini kila kitu cha kununua, hata mchicha, hata limau. Nilimwambia Bhoke siku nikiona mtu ananunua kivuli nitarudi kwetu kwa miguu. Nikasema "kwetu", halafu nikaenda kugeuza dagaa. Kutoka hapa mpaka hapo ni magari mawili tu, mtu akitoka asubuhi anakula ugali wa mchana kwenu. Lakini mimi nimekuwa mbali kama aliyevuka nchi, na njia ya kurudi nimeikata mwenyewe kwa mdomo.

Nilimdanganya Bhoke kwamba nimekuja kutibiwa macho. Yeye akanipeleka hospitali kweli. Daktari akanimulika, akanisomesha vile vitu vya ukutani, akasema bibi, macho yako yananizidi mimi. Njiani kurudi, Bhoke alisimama kwenye kibanda. Alinunua karanga, akanipa zote.

Siri ikatoka hivi. Tuko kwenye kuanika, akaja msichana mmoja wa Kamunyonge anayenunuaga dagaa za jumla. Ana simu kubwa kama kibao cha chapati. Akawaambia wenzake njooni msikie, kuna bibi wa huko Butiama kampasua mgombea mpaka kashindwa uchaguzi. Akawasha. Nyanjige, sauti yangu ikatoka mle ndani. Nikajisikia naimba, na watu wanashangilia, na filimbi. Wasichana wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye mchanga. Wakasema huyu bibi anatukana taratibu kama anachambua maharage. Yule wa Kamunyonge akanigeukia.

"Bibi, wewe si wa huko huko? Huyu mwimbaji humjui?"

"Namjua," nikamwambia. "Mpumbavu mmoja."

Wakacheka zaidi. Bhoke hakucheka. Aliweka ungo chini, akanawa mikono, akaingia ndani. Nilimfuata baada ya muda nikijifanya natafuta maji. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Mama," akasema, "ng'ombe za mahari yangu ndizo zilimleta Nyanjige kwenye nyumba yako. Umesimama mbele ya watu ukazitukana ng'ombe zangu."

Nikachota yale maji nikatoka. Sasa namweleza Wegesa, maana haya alikuwa anayasikia vipande vipande jikoni. Wegesa, mimi nilizaa wasichana watatu. Mume wangu akafa hajapata mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu nyumba ya namna hiyo imekwisha: wasichana wanaolewa, jina linazikwa na mwenye jina, na mashemeji wanaanza kupima shamba kwa macho. Bhoke alipoolewa, ng'ombe zikaja. Watu wakaniambia ziuze, ujenge nyumba ya bati. Mimi nikazipeleka kwa wazazi wa mama yako, nikamwoa. Mimi mwanamke, nikaoa mwanamke, kama wazee walivyoturuhusu. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Padri aliponiuliza nimeoa vipi nikamwambia nimeoa kwa ng'ombe, kama wewe ulivyooa Kanisa kwa kiapo. Akaninyima kuungama mwaka mzima, na sikujuta.

Watoto ambao mama yako angezaa walikuwa wa nyumba yangu na wangebeba jina la mume wangu. Huo ndio ulikuwa mkataba. Yule mwanaume aliyekuwa anakuja kwa mama yako, nilimjua na nilimruhusu. Akija, aliyempikia ni mimi. Hakuna kitu kilichofanyika gizani. Ulipozaliwa wewe nilipiga vigelegele mpaka sauti ikapotea siku tatu, mimi mwenye sauti inayojulikana kata nzima. Nilikutafunia mihogo nikakutia mdomoni kwa kidole changu. Nilikubeba mgongoni kwenda kliniki Butiama mama yako alipokuwa anaumwa ziwa. Walipouliza jina, nililitaja jina la mume wangu kwa sauti kubwa, muuguzi akasema bibi, mimi si kiziwi.

Nimeandika hayo ili mjue kwamba nilipofanya nilichofanya, nilijua. Mjinga angekuwa na nafuu.

Diwani alikuja nyumbani kabla ya kampeni kuanza. Wewe Nyanjige uliona. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha udiwani muda wake wote akaanza kutaka tena, na watu walikuwa wamemchoka kwa ajili ya kile kisima kinachotoa maji siku anapokuja mgeni tu. Wegesa alikuwa amechukua fomu kwenye chama kile kingine, na vijana walikuwa wanasema safari hii kata inapata mtu. Mimi habari ya fomu niliisikia kwa mwenye duka la sukari. Kwa mwenye duka! Mjukuu wa nyumba yangu anagombea, mimi naambiwa nikiwa napimiwa sukari robo. Nikakasirika. Nikasema moyoni atakuja. Kwetu mtoto akitaka kuanza jambo kubwa, anakuja kwa mkubwa wa nyumba na unga wa ulezi, mkubwa anauchanganya na maji, anauweka mdomoni, anamtemea kifuani. Ndipo anakwenda. Nikangoja. Kila asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya mlango wangu nikimngojea huyo mtoto, na hakuja.

Aliyekuja ni Diwani. Mtu mzima, gari, viatu vimepakwa rangi, akavua kofia, akapiga goti mbele yangu. Akasema mama, bila sauti yako kampeni yangu haina moto, wewe na kikundi chako cha akina mama mkinikataa, mimi nakwenda kulima. Mke wake akanishika mikono akaibusu. Mimi mwanamke wa kufukuza ngedere, Nyanjige, nikajiona malkia. Tukanywa chai yako. Nilicheka kwa sauti siku hiyo. Nikamwambia Diwani nitakuimbia.

Usidhani alinipa maneno. Ashinde, ashindwe, maneno hayakuwa yake. Yeye alitaka wimbo wa kisima na barabara. Tungo ilinijia mwenyewe nikipukuchua mahindi, na ilikuja nzuri, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba ilikuja nzuri. Wimbo mbaya watu wangeusahau.

Mnadani pale walinipa kipaza sauti. Nikaanza kwa kusema, mtoto asiyeaga bibi yake, wananchi atawaaga lini? Watu wakaguna. Ningekomea hapo ningekuwa bibi mwenye hasira tu. Lakini wenzangu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, nikaachia:

Wegesa, tuonyeshe kaburi la baba yako,
tuje na majembe tulipalilie.
Kama kaburi la baba hulijui,
njia ya kata utaijuaje?

Mara ya kwanza kiliitikia kikundi. Mara ya pili uliitikia mnada mzima, mpaka wauza ng'ombe. Nilikuona, Nyanjige. Ulikuwa kwenye upande wa nguo za mitumba na sweta ya mtoto mkononi. Uliirudisha kwenye rundo, ukaikunja kwanza vizuri, ukaondoka. Nami niliendelea kuimba. Nimeyasema makubwa katika barua hii, lakini hili ndilo kubwa kuliko yote: nilikuona na nikaendelea, kwa kuwa watu walikuwa wananipenda.

Jioni uliniletea chakula kama siku zote. Ugali wa moto, sato mdogo, mboga. Umeshika sahani kwa mikono miwili. Ukaweka, ukatoka. Tangu nikuoe hatujawahi kula mbali mbali ila siku za msiba. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Hukunitukana. Ungenitukana ningekujibu, unanijua, tungegombana mpaka jirani waje, halafu yangekwisha. Wewe ukafagia uwanja wote ukaacha duara pale nilipokaa. Nikafunga khanga zangu nikasema nakwenda kutibiwa macho. Ulisema, "Safari njema, bibi." Miaka yote hiyo uliniita mama.

Wimbo haukubaki kwenu. Waendesha bodaboda waliusambaza kama mafua. Nikiwa hapa Makoko, uchaguzi bado, walikuja wanaume wawili kutoka Bunda, wamenitafuta kwa kuuliza, wakanikuta Bhoke ameenda sokoni. Heshima nyingi, soda, biskuti. Kumbe na kwao kuna mgombea anataka kurudi kwenye kiti, na anayemsumbua ni kijana wa nyumba kama yangu, bibi yake alioa kama nilivyooa mimi. Wakasema mama, wewe badilisha jina tu, mengine yako sawa. Badilisha jina tu! Basi nikaona nilichotengeneza. Nimechonga fimbo ya kuwapigia watoto wote wa nyumba za namna yetu, na kila mtu anaweza kuishika. Ningewafukuza ningekuwa na heshima kidogo leo. Sikuwafukuza. Niliwaambia nimezeeka, nimeusahau. Wakanywa soda wenyewe wakaondoka, na nasikia waliuimba hivyo hivyo kutoka kwenye simu.

Diwani alishinda. Hajanitafuta tena, na mimi sina shida naye. Alitaka kura akazipata.

Sasa Jumanne iliyopita Wegesa alikuja hapa. Nadhani hakukuambia, maana alikuwa na haraka ya mtu ambaye hajaaga. Nilikuwa nageuza dagaa. Nikaona viatu vya mtu mbele ya uchanja, nikainua kichwa, ni yeye. Amekonda. Akaweka goti moja chini kwenye mchanga ule wenye magamba ya samaki, na sketi yake ya kazini.

"Shikamoo, bibi."

Nilitikisa kichwa kama mbuzi. Nikamwambia akae, hakukaa. Nikamwambia nikupikie, akasema amekula. Bhoke akatoka, akaona, akarudi ndani na wasichana wake wote.

"Bibi, mnadani ulisema sikukuaga," akasema. "Nilikuja. Nilikuja na unga kwenye bakuli la mama, lile la buluu. Nikakuta gari la Diwani mlangoni. Nikaingia jikoni nikakaa na mama, nikasema atatoka. Nikasikia unacheka nao. Nilikaa mpaka chai ya pili ikapelekwa, halafu nikarudi."

"Si ungeingia!"

"Ningeingiaje kuomba baraka mbele ya mtu ninayeshindana naye? Angetoka akasema nimekuja kumpigia magoti."

Kweli tupu. Nikamuuliza mbona hukurudi kesho yake. Akasema alirudi keshokutwa yake asubuhi, akakuta nimeshatoka na kikundi kwenda kufanya mazoezi ya nyimbo, na akasikia za nani.

Na wewe Nyanjige ulijua. Alikuwa jikoni kwako na bakuli mapajani, mimi chumba cha pili nacheka. Nilitaka nikukasirikie kwa kutoniambia. Nimejaribu siku tatu, hasira haikuja. Ungeniambia saa ngapi? Nilikuuliza? Nilikuwa naongea na wewe au nilikuwa nakuonyesha jinsi Diwani alivyopiga goti?

Halafu Wegesa akasema alichokuja kusema. Mtoto wake wa darasa la tatu, wenzake wanamwimbia wimbo wangu wakati wa mapumziko. Wanamwambia nawe tuonyeshe kaburi. Mtoto ameanza kukataa kwenda shule, anasema tumbo linamuuma. Na yeye Wegesa ofisini wanaacha kuongea akiingia. Ameamua kuliacha jina la mume wangu, yeye na watoto wake, wachukue jina lingine. Alikuwa ametoka kwa wakili huku mjini.

"Wakili anasema ni kiapo tu na tangazo," akaniambia. "Anasema sihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Lakini safari ile ulisema sikukuuliza. Hii nimekuja kukuuliza."

Nilisema nini? Nilianza kusema. Mdomo wangu unaujua, haujawahi kukosa la kusema. Akainua mkono, taratibu, bila ubaya.

"Niandikie, bibi. Ya mdomoni nimeyaogopa."

Nilimfungia dagaa kwenye gazeti. Alizipokea kwa mikono miwili. Nilimwangalia anapanda kwenda barabarani, ana mwendo wa mama yako mzazi wewe Nyanjige, miguu inatupwa nje kidogo. Nikarudi kugeuza dagaa, na zile za upande ule zilikuwa zimeshaharibika kwa jua.

Tangu Jumanne nimekaa na karatasi hii. Bhoke ananiambia mama, kataa, mwambie asitoe jina, jina likitoka nyumba imekufa, na ng'ombe zangu zimekwenda bure. Ana haki. Kila kitu nilichofanya maishani nilifanya ili jina lile lisife. Nililala bila bati miaka kumi na minne kwa ajili ya jina. Niligombana na padri, nikagombana na mashemeji, nikasemwa kwamba mimi mwanamke ninavaa suruali moyoni. Na jina lenyewe likapata mtu wa kulibeba, mtu wa maana, mtu wa kusimama mbele ya kata. Siku lilipoandikwa kwenye karatasi za kura, mimi mwenyewe nikalitupia tope. Hakuna adui angeweza. Adui asingejua pa kupiga.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nikakumbuka kitu. Wegesa, kaburi la mume wangu lipo nyuma ya nyumba, karibu na mkonge. Kila mwaka kabla ya Krismasi kuna mtu anakwenda pale na jembe na ndoo ya chokaa. Tangu ukiwa na miaka saba mtu huyo ni wewe. Mimi mgongo ulinikatalia zamani, wanangu wameolewa mbali, mashemeji hawajawahi kung'oa hata jani moja. Nilisimama mbele ya mnada nikamuuliza mtu pekee anayepalilia kaburi lile aonyeshe kaburi la kupalilia. Watu hawakujua. Mimi nilijua.

Basi nafanya hivi. Barua inatangulia Jumatatu hii. Mnada wa Jumatatu inayofuata ninakuja mimi. Nitasimama pale pale, upande wa ng'ombe, bila kipaza sauti. Nitawaambia kwamba Wegesa alikuja kuniaga na mimi nilikuwa nakunywa chai na mshindani wake. Nitawaambia nani alimwoa mama yake, kwa ng'ombe za nani, na nani alimpikia yule mwanaume. Nitawaambia habari ya kaburi na chokaa. Watacheka. Wacheke, siku ile walicheka na mimi, sasa wanicheke mimi. Nikimaliza napanda gari narudi Makoko. Sitakanyaga uwanja wako, Nyanjige, mpaka wewe mwenyewe unitumie mtu, na usiponitumia mtu sitauliza kwa nini. Na usipike. Najua utataka kupika.

Na wewe Wegesa, jibu lako ni hili hapa. Lichane utoke nalo, umpelekee wakili au ulitie moto, ni lako:

Mimi Mkami, niliyemwoa Nyanjige kwa ng'ombe zangu, nimeulizwa na mjukuu wangu Wegesa na nimejibu. Naruhusu yeye na watoto wake waliache jina la mume wangu. Mtu wa ukoo asimzuie, asimdai ng'ombe wala mbuzi mama yake. Shamba la bondeni ni la Wegesa, akiwa na jina lile au akiwa na lingine. Nyumba ni ya Nyanjige. Kosa ni langu peke yangu. Nimeandika kwa mkono wangu nikiwa na akili zangu, macho yangu yamepimwa.

Sikukusihi, mjukuu wangu. Nilitaka kuandika "lakini" hapo chini, nikaifuta. Umeiona pale palipochafuka.

Nisalimieni shemeji yangu mzee, yule wa mwisho aliyebaki, mwambieni shamba alilokuwa analipima kwa macho limepata mwenyewe kwa maandishi. Msalimieni katekista, aniombee lakini asinitaje kwa jina kanisani, watu watageuka. Akina mama wa kikundi waambieni wimbo ule ni wangu na nimeukataza. Anayetaka kuimba aimbe wa kisima, kile bado hakitoi maji. Msalimieni mtoto wa darasa la tatu. Mwambieni bibi wa Makoko anajua tumbo linavyouma.

Bhoke anawasalimu. Amelia akiisoma hii, halafu akanisahihishia neno moja, nikalirudisha nilivyoandika.

Ni mimi Mkami, binti wa baba yangu. Jina la mume wangu nililozoea kuliandika hapa chini sikuliandika. Mtoto akilivua kwa sababu ya mdomo wangu, mimi siwezi kubaki nimelivaa.